Lenzi Inayoona Gizani

"Hebu njoo uangalie mwenyewe," Papa Ekofo alisema, akaisukuma simu yake juu ya kaunta. "Hawa ni wateja wangu, au ni watu waliokamatwa na polisi?"

Landu aliinama. Ilikuwa mchana na ukumbi wa muziki wa Lisanga ulikuwa mtupu. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, na mwanamke mmoja alikuwa akideki bia ya jana iliyoganda sakafuni. Kwenye simu zilipangwa picha alizozipiga yeye wiki ile. Nyuso zilimeremeta kama maandazi yaliyotoka kwenye mafuta sasa hivi, macho yalikuwa mekundu, na nyuma ya kila mtu palikuwa na weusi mtupu, kana kwamba watu wote wa mtaa wa Bandal walikuwa wanastareheka ndani ya shimo.

"Hiyo ni flashi, Papa Ekofo. Flashi ndivyo ilivyo. Na moshi wenu ule ukiingia..."

"Moshi nimeulipia. Taa za buluu na za zambarau pale juu nimezilipia, zimetoka Dubai. Ziko wapi kwenye picha? Nionyeshe taa yangu moja tu."

Landu alipekua picha moja moja, akairudisha simu.

"Nataka ukumbi wangu uonekane," Papa Ekofo aliendelea, sasa kwa upole, na upole wake ndio uliouma. "Mtu aliyeko Brazzaville akiona picha, atamani kuvuka mto usiku huohuo. Jumamosi tunasherehekea kuzaliwa kwa Lisanga, orkesta nzima inakuja. Yule Plamedi wa simu kila siku ananiomba nafasi. Mimi nakuheshimu, tumetoka mbali. Lakini Jumamosi nipe picha za kweli. Ukishindwa, tusije tukagombana bure."

Landu alitoka bila kunywa soda aliyokaribishwa. Kuambiwa picha mbaya angevumilia. Kupimwa kwenye mizani moja na kijana anayezunguka mezani na simu mkononi, hilo lilimfuata mpaka mjini.

*

Duka la Ngoyi lilikuwa ghorofani, juu ya wauza vitenge. Aliuza kamera zilizotumika, nazo alizipanga ndani ya kabati la vioo kama mkate. Aliipokea kamera ya Landu, akaigeuzageuza, akapuliza vumbi.

"Huyu bado mzima," alisema. "Kilichokufa ni hili bomba la mbele, lenzi yako. Ukivuta sura karibu, tundu linajibana kama mkono wa bahili. Mwanga utapita wapi?"

"Najua. Ndiyo maana natumia flashi."

"Basi igeuze flashi juu, mwanga ugonge dari urudi taratibu."

"Dari ya Lisanga imepakwa rangi nyeusi."

"Aliyeipaka ni adui wa wapiga picha," Ngoyi alisema, wakacheka wote wawili.

Alimtolea kwanza kamera mpya zaidi, ambayo ingeweza kupiga gizani bila kuijaza picha chenga kama mchanga. Landu aliishika, akauliza bei, akairudisha mezani kwa adabu. Ndipo Ngoyi akaleta lenzi mbili fupi, zisizovuta wala kusogeza, kila moja na kioo kipana mbele kama jicho la bundi.

"Hizi zinakunywa mwanga," alisema. "Ingia stoo uzijaribu."

Stoo haikuwa na dirisha. Shemeji yake Ngoyi alikuwa amekaa juu ya katoni akiongea na mtu kwa simu, mwanga wa kioo cha simu ukimgonga shavu moja. "Usisimame, mama, endelea tu," Landu alimwambia. Akaifunga lenzi ya kwanza. Sura ya mwanamke ikajaa kisanduku chote cha picha, akalazimika kurudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Hii hapana. Pale meza zimebanana. Nikirudi nyuma hivi nitakalia mapaja ya mke wa mtu."

Akaifunga ya pili, iliyoona kwa upana zaidi. Akabana pumzi ili mkono usitikisike, akapiga mara moja. Kisha akaangalia nyuma ya kamera na akanyamaza.

Shavu moja lilikuwa na ubuluu wa simu. Jingine lilikuwa la kahawia, likizama polepole kwenye weusi bila kupotea; hata pale lilipozama palikuwa na mtu. Jasho dogo lilionekana juu ya mdomo. Miaka yote Landu alikuwa akiwapiga watu weusi usiku na kuwatoa weupe kama waliopakwa unga. Sasa, ndani ya stoo yenye harufu ya panya, ilikuwepo ngozi nyeusi na rangi zake zote, hakuna hata moja iliyoibiwa.

"Mbona umenyamaza?" Ngoyi aliuliza kutoka nje. "Imekukataa?"

"Bei."

Ngoyi alitaja bei. Alichokuwa nacho Landu hakikufika hata theluthi yake.

"Flashi yako naichukua, nikupunguzie," Ngoyi alisema.

"Flashi?"

"Sasa utaifanyia nini? Umenunua macho ya paka, bado unabeba tochi?"

Landu aliicheka hiyo. Alikuja kuikumbuka baadaye, na hakuicheka tena.

*

"Hiyo lenzi inakula umeme?" Kanku, mkewe, aliuliza.

"Haili chochote."

"Basi imekushinda wewe unayekula." Alikuwa akisonga fufu, mwiko ukipiga sufuria kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Papa Makiese, umesema tuuze friza. Nimesikia vizuri?"

"Umesikia vizuri."

Friza ilikuwa chumbani, ndefu kuliko kitanda cha binti yao Makiese, ikinguruma. Ndani yake walilala mpiodi, samaki aliowauza Kanku sokoni Gambela, na pembeni maji ya majirani, kwanga za mihogo za majirani, hata dawa ya sukari ya bibi wa nyumba ya tatu. Kwa sababu ya friza ile Kanku alikuwa mtu pale mtaani. Asubuhi watu walibisha mlango wakisema "Mama Makiese, samahani," na Kanku alipenda kuombwa samahani.

"Nikipoteza Lisanga, kodi ya nyumba italipwa na nini?" Landu alisema. "Wewe mwenyewe umeziona zile picha. Ekofo hakosei. Ni mbaya."

"Mimi siku zote nilisema ni mbaya," Makiese alidakia kutoka mlangoni, sare ya shule bado mwilini. "Ile ya kipaimara changu ninafanana na mzuka."

"Nyamaza wewe," walisema wazazi kwa pamoja.

Landu alitoa kamera akamwonyesha mkewe picha ya stoo. Kanku aliifuta mikono kwenye kitenge, akaitazama kwa muda. Hakumjua yule mwanamke, lakini aliguna kama mtu aliyesalimiwa.

"Huyu ana shida," alisema mwishowe. "Anaongea na mtu asiyemwamini."

"Unaona? Picha zangu za zamani zilikwambia hata siku moja mtu anaongea na nani?"

Kanku akarudi kwenye fufu. Alisonga, akasonga. "Samaki nitawanunua kila alfajiri na kuwamaliza siku hiyohiyo," alisema bila kugeuka. "Wakibaki, tutakula sisi mpaka watoke puani. Lakini Jumamosi ikipita, friza yangu irudi ya kwanza. Kabla ya viatu vyako, kabla ya mtu yeyote wa ukoo wako anayekufa."

"Ya kwanza."

Ilichukuliwa kesho yake na mkokoteni. Wanaume wawili waliitoa kwa kuilaza ubavu, maji yakavuja mlangoni mpaka barabarani, na majirani wakasimama kuangalia.

"Mama Makiese, mnahama?"

"Friza inakwenda hospitali," Kanku alijibu, kidevu juu.

"Na dawa yangu?" bibi wa nyumba ya tatu aliuliza.

Kanku aliokota kitambaa, akaanza kufuta maji mlangoni.

*

Jumamosi Lisanga ilijaa mpaka watu wakakaa juu ya makreti. Landu aliingia na kamera yenye lenzi ya Ngoyi shingoni, mwepesi, hana betri za flashi mfukoni wala nyaya zake begani. Alijisikia kama kijana.

Naye alipiga! Alimpiga mpiga gitaa la solo aliyefumba macho, jasho likimtiririka likiwa na rangi ya zambarau. Akampiga mhudumu aliyebeba chupa kumi juu ya kichwa cha mlevi bila kumgusa, kisha mzee mwenye suti ya kitani aliyeinua ncha ya suruali ili soksi zionekane, peke yake, kwa ajili yake mwenyewe. Taa za Dubai zilikuwepo. Moshi uliotulia ulikuwepo, ukipita kati ya watu kama mgeni. Hakuna aliyegeuka, hakuna aliyekunja uso, hakuna aliyejua. Landu alitazama nyuma ya kamera. Alijisemea kwamba tangu Bandal iwepo, hakuna aliyewahi kuiona hivi.

Ndipo Papa Bolamba akainuka.

Bolamba alikuwa muuza saruji, na kila mtu pale alijua kwa nini anainuka. Alipita kati ya meza polepole na kitita cha noti mkononi, akafika mbele ya mwimbaji, akambandika noti ya kwanza kwenye paji la uso lenye jasho. Mwimbaji akaliingiza jina lake ndani ya wimbo: Bolamba eee, baba wa nyumba za watu! Bolamba akageuka upande, akainua kidevu, akavuta tumbo ndani, akatulia.

Landu alikuwa ameshampiga. Alimpiga akiwa njiani, akampiga akibandika, akampiga akigeuka.

Bolamba alibaki vilevile. Akabandika noti nyingine. Jina likaimbwa tena. Akageuka tena upande, kidevu juu, akasubiri. Shingo ilianza kumtetemeka. Kwenye meza ya karibu mtu akacheka.

"Wee mpiga picha!" Bolamba alifoka. "Umelala?"

"Nimeshapiga, Papa Bolamba. Zimetoka nzuri sana."

"Umepiga saa ngapi?"

"Sasa hivi. Noti zote mbili."

"Nani ameona?"

Landu hakuelewa swali. Akadhani mtu huyo anataka kuona yeye, akamsogezea kamera. Bolamba akainama. Kwenye picha alikuwa mzee mwenye noti mkononi, mwanga wa buluu ukimshukia begani, macho yakitafuta kitu upande wa giza. Ilikuwa picha ya kutisha kwa ukweli wake.

"Huyu ni nani?" Bolamba aliuliza kwa sauti ndogo. Halafu kwa sauti kubwa: "Nimetoa hela zangu mbele ya watu, wewe unanipiga kimyakimya kama unaniibia kuku? Mwanga uko wapi?"

Hapo ndipo mwanamke wa meza ya kona alipokamata maneno. "Kumbe anapiga bila mwanga!" alisema. "Na amesimama pale kwetu tangu tulipokaa!"

Mwanaume aliyekuwa naye alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. "Nani kakutuma wewe? Mke wangu kakulipa ngapi?"

"Hakuna aliyenituma, papa. Mimi ni mpiga picha wa nyumba hii."

"Mpiga picha huwa tunamwona! Akija kwako unajua amekuja, unageuza uso kama hutaki. Wewe unavizia!"

Kumbe kila mtu alikuwa na kitu. Mmoja alimwambia mkewe yuko matangani. Mwingine anadaiwa na watu wa meza ya pili. Walimzunguka Landu, mikono ikavuta mkanda wa kamera, na wimbo ukaendelea kwa sababu orkesta ilikuwa imelipwa iendelee. Papa Ekofo akaja akipasua watu kwa tumbo.

"Papa Ekofo, ulisema unataka ukumbi uonekane," Landu alimwambia. "Angalia. Angalia hizi kwanza."

"Nilisema ukumbi. Sikusema siri za watu." Akaichukua kamera, na mbele ya mwanaume wa kona akaanza kufuta. Mpiga solo akafutika. Mhudumu na chupa zake. Mzee wa soksi. Landu alisimama akiziona zikipita moja moja, kila moja ikiwaka kidogo kabla haijaondoka.

Nyuma yao mwanga mweupe ukalipuka. Plamedi, yule kijana wa simu, alikuwa amekuja na kamera ya kizamani yenye flashi kubwa kama sahani, na Papa Bolamba alikuwa amesimama tena mbele ya mwimbaji, kidevu juu. Kwa kufumba na kufumbua ukumbi wote ulimwona: noti, jasho, jina. Vichwa vyote vikageuka. Uso wa Bolamba ukalegea kama wa mtoto aliyebebwa.

"Na mimi!" mtu aliita. "Plamedi, mwanga huku!"

Landu alielewa hapo, na kuelewa kulikuja baada ya friza kuondoka. Watu hawa hawakuwahi kununua picha. Walinunua ule mpasuko mmoja wa nuru ambao kila mtu ukumbini analazimika kukutazama. Picha ilikuwa risiti tu.

*

Ngoyi alikuwa ameshaiuza flashi. Lenzi angeinunua tena, alisema, kwa nusu ya bei, na aliisema bei hiyo huku akiangalia dirishani. Landu aliirudisha lenzi mfukoni akaenda nyumbani kwa miguu.

Kanku hakupiga kelele. Hilo lilikuwa baya zaidi. Aliamka alfajiri kabla ya majogoo ya watu, akaenda kununua samaki, akarudi na beseni lenye barafu ya kukopa, akaondoka tena. Jioni wale walioshindikana kuuzwa walipikwa. Walikula mpiodi kwa fufu, mpiodi kwa wali, mpiodi kwa kwanga. Makiese alianza kusema kitu kuhusu mpiodi, akamwangalia mama yake, akaacha. Bibi wa nyumba ya tatu alipeleka dawa yake mtaa mwingine, na alipopita mlangoni hakusalimia.

Plamedi alikuja siku ya jua kali, wakati Landu amekaa uani akifuta kamera ambayo haikuwa na vumbi.

"Ya Landu, mchana mwema," alisema, akimwita kaka mkubwa.

"Umekuja kuangalia kama bado ninapumua?"

Kijana hakukaa, kwa sababu hakukaribishwa. Alikuwa amevaa viatu vizuri vya kuazima, vikimbana. "Ile ya mpiga solo," alisema. "Papa Ekofo alipoifuta, nilikuwa nyuma yake. Niliumia mimi. Sijalala vizuri mpaka leo."

Landu alipuliza kioo cha kamera, akaendelea kukifuta.

"Ya Landu, kamera yangu ni takataka. Inajua kuwaka tu. Watu wananiita, nawawashia, wanafurahi, halafu kesho yake nikiwatumia picha wananitukana. Ekofo naye ameanza tena na habari ya taa zake." Akasogea hatua moja. "Nimefikiria hivi. Mimi niwashe. Wewe upige. Wakiniita mimi, wewe uko nyuma yangu na mkoba, unapiga yako. Hawa si wa kuviziwa, wenyewe wameita mwanga. Tugawane nusu kwa nusu."

"Ekofo amenifukuza."

"Amefukuza mpiga picha. Mbeba mkoba hajamfukuza."

Landu akainuka. "Mimi nikubebee mkoba? Nimeanza kazi hii wewe hujaota meno! Nimepiga watu ambao leo ni majina ya barabara! Na picha zitakuwa na jina la nani?"

Plamedi aliangalia viatu vyake. "Langu, Ya Landu. Wakijua kuna mtu wa pili gizani, tumekwisha sote wawili."

"Toka kwangu."

"Ngoja," Kanku alisema. Alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha samaki, haijulikani tangu saa ngapi. Alimwangalia kijana kwanza, akampima kama anavyopima mteja anayetaka kukopa. Halafu akamgeukia mumewe. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na uso wake ulikuwa wazi kama ule wa mwanamke wa stoo.

"Papa Makiese, mimi nilitoa friza," alisema. "Sasa ni zamu yako kutoa kitu."

Akarudi ndani. Walisikia kisu kikianza kukwangua magamba.

Landu alisimama katikati ya uwanja wake mdogo. Alikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja ambalo lingelipa kodi. Kwa mara ya kwanza alimtazama kijana usoni badala ya mikononi.

"Ukiwasha," aliuliza, "huwa unawahesabia, au unawashtukiza?"

"Nawahesabia. Moja, mbili..."

"Endelea kuwahesabia. Na ukishawasha, usiwape mgongo mara moja. Jifanye unaangalia kamera yako. Nipe muda wa kuvuta pumzi."

*

Alijifunza kwamba kila mtu ana sura mbili mbele ya flashi. Ya kwanza ni ile anayoitengeneza: kidevu, tumbo, mkono kiunoni. Inadumu mpaka nuru ilipuke. Kisha giza linarudi zito kuliko mwanzo, macho ya watu yamepofuka, na mtu anajiachia. Bega linashuka. Mkono unatafuta mkono wa mwenzake. Anayecheka anamalizia kicheko chake cha kweli, na mwenye huzuni anairudia pale alipoiacha. Hapo Landu, na mkoba begani, hatua chache nyuma ya kijana mwenye viatu vya kuazima, alibana pumzi na kupiga. Lenzi ile iliona kila kitu.

Papa Ekofo alimwona usiku wa kwanza, akamkodolea macho, akaangalia mkoba, akapita. Wiki iliyofuata taa zake za Dubai zilionekana mpaka Brazzaville, na akamwita Plamedi kaunta akamnunulia bia mbele ya watu. Mbeba mkoba aliambiwa asubiri mlangoni, asizuie njia. Alisubiri mlangoni.

Nusu yake aliileta nyumbani na kumpa Kanku, naye aliikunja na kuiweka kwenye kopo la akiba ya friza. Kopo lilijaa taratibu kuliko walivyotaka. Asubuhi Landu alianza kumsindikiza sokoni kubeba beseni la barafu, kisha akaanza kukaa, kisha akaanza kukata samaki, maana mtu mwenye kazi ya usiku iliyokosa jina hana pa kwenda mchana.

Siku moja Mama Nzuzi, mshona nguo, alikuja kununua. Alikuwa na simu mkononi na alishindwa kuiweka chini.

"Mama Makiese, hebu ona kwanza kabla hujanipimia. Mume wangu alinipeleka Lisanga, siku ya kuzaliwa kwangu. Ona alivyotupiga Plamedi."

Kanku aliinama. Landu hakuhitaji kuinama. Alimkumbuka bwana Nzuzi, mwembamba, koti likimpwaya tangu alipougua. Alisimama wima kama askari mpaka flashi ikapita. Halafu giza likaja, akapunguka, na mkewe akainua mkono akamrekebishia kola.

"Mimi sikujua namwangalia hivi mwanaume huyu," Mama Nzuzi alisema. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akajifuta jicho kwa nyuma ya kiganja. "Mwaka mzima nadhani namkasirikia tu. Angalia mkono wangu. Yule kijana sijui aliniona saa ngapi! Ana jicho, jamani. Nisamehe, Papa Makiese, wewe ulikuwa unatutoa weupe kama mizuka. Lakini huyu, huyu Mungu kampa."

Kanku alinyanyua kichwa. Midomo yake ilikuwa imeshafunguka, shingo imesimama, na Landu alimjua mkewe: likitoka hilo, litafika Bandal kabla ya samaki kuisha. Alimtazama. Akatikisa kichwa, kidogo tu, kiasi cha kufukuza nzi.

Kanku akafunga mdomo. Akachukua samaki kwenye barafu, akampima, akamwongeza mwingine mdogo juu yake bila kuombwa, akamsukumia mumewe kwenye ubao.

Landu alishika kisu. Mama Nzuzi alikuwa bado anaitazama picha.

"Vichwa nikukatie, mama," Landu alimuuliza, "au niviache?"